Mwanangu, Maji Uyaache Mkononi mwa Mnunuzi

Matondoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, mamako anaendelea vyema na goti lake, na ujumbe wako tumeupata, tukausoma zaidi ya mara moja. Umetueleza kwamba baada ya Idi utaanza kuuza, katika soko la mwisho wa wiki huko Nairobi, krimu ya uso ya mshubiri na nyingine ya watoto wachanga wenye vipele, na kwamba kila kilichomo umekichuma porini na hakina kemikali yoyote. Mamako alifurahi akawasomea majirani. Mimi nilifurahi pia, kisha nikabaki na swali moja ambalo limeninyima usingizi: krimu hiyo ina maji ndani yake?

Siulizi kwa kulitilia shaka jicho lako. Hapa kwetu simjui kijana wa rika lako anayeitambua mimea ya bara na ya ufukweni kama wewe. Mnyaa huukati bila kuyakinga macho, kwa kuwa unajua utomvu wake unaweza kumpofusha mtu. Na tunguja la njano, hata liwe zuri namna gani, hulitii kikapuni. Nimewaambia wazee hivyo barazani, ingawa wewe mwenyewe sikukwambia. Hofu yangu haianzi porini. Inaanza pale jani linapopasuliwa mezani na majimaji yake yakatiwa chupani, chupa ikafungwa, ikapewa mtu asiyejua ilifungwa lini.

Nilimwendea mfamasia mmoja huku mjini nikamwuliza, nikaandika majibu yake ili nisikuandikie maneno ya kubahatisha. Jeli ya mshubiri, mwanangu, ni maji zaidi ya sehemu 98 kwa kila 100. Ukiichanganya na mafuta ya nazi na nta ukapata krimu nyeupe laini, maji hayo hayakuondoka. Yamejificha tu kati ya mafuta, na kila penye maji na chakula cha mmea, bakteria na ukungu wana makazi. Jani lenyewe limetoka mahali punda anapopita, mbuzi anapolala na vumbi linaporuka, kwa hiyo mbegu ya uharibifu umekwisha kuichuma pamoja na dawa. Ukichemsha unaua vingi, lakini viko vijidudu vinavyojifunga katika ganda gumu vikastahimili moto wa sufuria, na hata kama vyote vingekufa, kidole cha kwanza cha mnunuzi kitapeleka vingine. Lililonitisha zaidi ni hili: ukungu utauona kwa macho, ila bakteria wanaweza kujaa chupa nzima bila rangi kubadilika wala harufu kutoka. Kwa hiyo usiniambie kwamba umeinusa na iko sawa.

Usiniambie pia kwamba umetia vitamini E. Vitamini E huchelewesha mafuta yasichache, basi. Bakteria haiwadhuru hata kidogo. Wala usinijibu kwa friji. Friji hupunguza mwendo wao, haiwazuii, na jeli mbichi hata ikiwa humo ni ya kutumia kwa siku chache tu na kumwaga iliyobaki. Nawe utauza kwa watu watakaoiweka kwenye mkoba, ndani ya matatu, juu ya dirisha lenye jua.

Sasa fikiria inakopakwa. Uso una macho, na jicho likiingiwa na bakteria kutoka kwenye krimu iliyoharibika, mtu anaweza kupoteza nuru yake. Ama ile ya watoto wachanga, hapa nasema kama mzazi na sitaki mjadala mrefu: iondoe mezani. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na yenye vipele imekwisha kupasuka, ni mlango ulio wazi. Mama wa mtoto huyo hatajua kwamba wewe ni mtu mwema mwenye nia safi. Atajua tu kwamba alipaka na mtoto akaungua homa.

Umeandika kwa fahari kwamba hakina kemikali, na wanunuzi watalipenda neno hilo, lakini mimi naliogopa kwa sababu linamfanya mtu asiulize. Ndimu inatoka mtini, na mtu akijipaka maji yake usoni kisha akatoka juani, ngozi huungua ikaacha mabaka meusi ya miezi. Shubiri ya manjano inayotoka kati ya ganda na jeli nayo ni ya mmea huohuo unaousifu, na huwasha ngozi. Ndiyo maana jani husimamishwa kwanza likachuruzika. Kutotoka kiwandani pekee hakuupi mmea adabu. Ukiamua ni lazima krimu iwe na maji, basi tia kihifadhi cha kweli kinachouzwa na wenye duka la vifaa vya vipodozi, ukipime kwa mizani na si kwa kijiko, na usome masharti yake, kwani vipo kama benzoeti na sorbeti ambavyo hufanya kazi pale tu mchanganyiko una uchachu, pH chini ya 5 hivi, na juu ya hapo ni kama hukutia kitu. Kisha upeleke maabara wakupimie kabla hujauza. Elimu hiyo ilikuwa ya kusomwa darasani, na najua fedha za chuo zilikwenda kwenye mbao za jahazi gani. Lakini maadamu hukuisoma huko, usijifanye kwamba haihitajiki.

Njia ninayoitaka mimi ni nyingine, na wala si ngeni kwako, ila umeiruka kwa kuwa ni ya nyumbani. Watazame wanawake wetu na liwa. Kipande cha mti hukaa kikavu kabatini miaka, na siku ya kujipaka husuguliwa juu ya jiwe liitwalo msio kwa marashi kidogo, kiasi cha uso mmoja, kikapakwa, kikaoshwa. Kilichobaki ni mti mkavu uleule. Singo ya maharusi, ile ya kusugulia mwili, ni hivyohivyo: dalia, liwa na viungo vyake husagwa na kuwekwa vikavu, na marashi hayatiwi mpaka bi harusi amekaa kitako. Hakuna aliyewahi kuacha bakuli la singo mbichi juu ya rafu mpaka mwezi ujao. Hawakuwa na maabara, lakini walijua pa kuyaweka maji, nayo ni mkononi mwa anayejipaka, wakati wa kujipaka. Wewe uza unga. Majani ya mwarubaini yaliyokauka, rehani, unga laini wa mchele, ubuyu kama unaupata, vyote vichungwe kwa kitambaa chembamba na vifungwe mahali pasipo na unyevu. Mnunuzi atie maji yake mwenyewe nyumbani kwake, na umwandikie wazi kwamba akishachanganya asihifadhi.

Na ukitaka cha mafuta, fanya marhamu isiyo na tone la maji. Sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta hutoa marhamu nzuri. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na mafuta ya nazi karibu na 24, kwa hiyo ile iliyoganda vizuri Nairobi itakuwa uji ukiileta Lamu wakati wa kaskazi, na huku itakubidi uongeze nta. Majani unayoloweka kwenye mafuta yawe makavu mpaka yavunjike yakikunjwa. Jani bichi hutoa maji yake polepole, yakatuama chini ya mafuta pasipoonekana, na hapo tumerudi palepale ninapopaogopa. Chupa ulizoosha zikauke kabisa, hata ikibidi uziache jikoni usiku kucha. Na unapoyeyusha nta juu ya sufuria ya maji ya moto, angalia mvuke: hupanda, ukapoa chini ya kifuniko, ukadondoka ndani ya mafuta, nawe unadhani hukutia maji. Futa kifuniko kila mara, au usifunike.

Kuhusu mtondoo ulioniulizia, hapo nakusifu, kwa maana wengi wa rika lako wanaupita bila kuuona. Sisi mafundi wa majahazi tuliujua kwa mbao zake na mafuta yake kabla watu wa mbali hawajaanza kuyauza kwa bei ya manukato. Kiini cha mbegu yake kikiwa kibichi ni cheupe na hakina mafuta ya maana. Usikikamue kwa haraka ukadhani mbegu ni mbovu. Kianike juani kwa wiki nyingi, mwezi na zaidi, mpaka kigeuke kahawia na kinate vidole, ndipo mafuta yake ya kijani mazito yanapopatikana. Katika kuanika huko kiogope kitu kimoja, nacho ni maji. Usiku kiingize ndani kwa sababu ya umande, na masika ikianza usianike kabisa, kwani kiini kilichonyeshewa huota ukungu na mafuta yake hayafai hata kwa mbao. Viini haviliwi, ni sumu, kwa hiyo viwekwe mbali na watoto wa jirani. Tena mafuta hayo yana nguvu na ziko ngozi zinazoyakataa, basi kila mtu ajipake kidogo kwanza ndani ya kiwiko, angoje siku mbili, ndipo apeleke usoni.

Mshubiri wa mwituni kule bara usiukate tena kama ulivyofanya msimu uliopita. Mishubiri yote ya asili, isipokuwa ule wa kupandwa uitwao Aloe vera, imo ndani ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo biashara yake ya kuvuka mpaka inataka kibali, na hata hapa nchini si mali ya kujichumia na kuuza. Nimekupandia mingine nyuma ya nyumba, karibu na birika la maji ya mvua, na imeshika vizuri. Chukua majani ya nje tu, jani moja moja. Lakini ujue nimekupandia kwa matumizi yako mwenyewe, jani likatwe na litumike siku hiyohiyo. Sikuipanda ili ijaze chupa za sokoni.

Kabla hujaweka meza, nenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, uulize masharti ya vipodozi na alama ya ubora, na kila chupa iwe na orodha ya vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa. Neno "hutibu" lifute. Ukisema hutibu umeuza dawa, na dawa zina bodi yake.

Najua utasema babako anarudia jambo moja. Ndiyo, narudia, na nitarudia kwenye simu pia. Una mkono mzuri na pua nzuri, na unafanya kazi ambayo watu wanailipia, na mimi nataka jina lako litajwe kwa kheri katika mji usiokujua. Chupa moja yenye maji inaweza kuliharibu.

Ya nyumbani ni haya. Birika limepasuka upande wa kusini na maji ya mvua yanavuja, fundi amesema atakuja baada ya kumaliza kazi ya msikiti. Ami yako ameuza punda wake mkubwa na amejuta. Dadako harusi yake imewekwa Mfungo Tatu, na khalati yako ndiye atakayesimamia singo, naye anasema ukija utasaga wewe. Kaa naye, umwulize kila anachotia na kwa kipimo gani, wala usimrekebishe mbele ya watu. Gunia la tondoo kavu nimelifunga ndani ya plastiki mbili na litapanda basi pale Mokowe keshokutwa. Likifika lifungue mara moja uangalie kama limeingia unyevu njiani, na chochote chenye ukungu tupa, usikionee huruma. Zile chupa za kioo za asali zirudishe kwa basi hilohilo kwa kuwa mamako anazihitaji kwa achari. Mamako pia anataka kujua kanga za sare achukue za rangi gani kwa ajili yako, umjibu kabla ya Ijumaa maana mwenye duka hatazishikilia.

Wasalaam,

Babako