Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: SHA, bili za hospitali na mfuko wetu

Ndugu wanachama,

Poleni na kazi. Najua wengi mmefunga meza mapema leo, na mchicha wa soko letu la Kongowea, Mombasa, haungojei mkutano, kwa hivyo sitazunguka.

Hesabu kamili mtasomewa na mweka hazina. Kwa ufupi, mfuko wa ugonjwa umekauka. Hakuna aliyeiba, umeliwa na bili. Mwaka huu kamati ilipokea maombi 14 ya kusaidia wagonjwa, na katika hao 14, tisa hawakuwa wamelipa SHA, bima ya afya ya serikali, hata shilingi. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Msimamo wa chama haujabadilika. Tulipinga namna bima hii ilivyoletwa, na bado tunapinga. Rais Ruto alitia sahihi sheria ya SHA Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba mosi tukaamka NHIF, bima ya zamani, haipo, SHA imeshika nafasi yake. Mwananchi wa kawaida angejuaje ashike lipi?

Haki lakini isemwe. Enzi ya NHIF mchuuzi alitoa 500 kwa mwezi, na leo kiwango cha chini ni 300. Mwenye mshahara wa 20,000 alikatwa 750. Sasa asilimia 2.75 inamtoa 550. Anayelia zaidi ni wa 100,000, aliyetoa 1,700 na sasa anatoa 2,750. Huyo ana watu wake wa kumsemea. Letu sisi ni mkupuo: mwajiriwa anakatwa mwezi kwa mwezi, sisi wa mezani tunatakiwa tulete ya mwaka mzima mara moja. Mtu anayehesabu faida jioni, akatoa ya unga, ya mafuta na ya tuktuk, hizo 3,600 atazishika lini zote pamoja? Kuna mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, sawa, lakini mkopo ni deni.

Na hiyo 3,600 yenyewe si ya kila mtu. Nilikaa na mwanachama wetu anayeuza mchicha siku alipojisajili kwa simu ya mwanawe. Aliulizwa ukuta wa nyumba ni wa nini, paa, sakafu, choo, maji anatoa wapi. Akajibu kweli, kwa sababu amepanga chumba cha mawe chenye umeme na sakafu ya saruji. Kilipotoka kiasi, kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha chini. Aliitazama simu, akaniuliza, "Mwenyekiti, mbona hawakuuliza siku zinazoniozea fungu kumi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo tumeliandika jinsi lilivyo kwenye barua yetu kwa mbunge.

Wapo pia waliolipa wakaumia. Februari 2025, hospitali za kibinafsi ziliposimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni zilizokuwa zikiidai serikali tangu NHIF, mwenzetu mmoja aliyekwisha kulipa mwaka mzima alisimama mapokezini na mtoto mwenye homa, akaambiwa alete pesa taslimu. Mtu kama huyo akikasirika, namwelewa.

Nisiowaelewa ni wengine. Oktoba 2025, ilipotangazwa kwamba serikali itawalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza, wiki ile ile niliombwa fomu na watu wenye friji mbili za soda. Sina ugomvi na Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee na wasiojiweza. Mzee wa miaka 70 asiye na mtu, zile 2,000 za mwezi ni haki yake, tena mara nyingi humfikia zimechelewa. Lakini kijana anayebeba gunia la viazi tangu lori hadi mezani bila kupumzika, leo ananiambia hatalipa, anangoja mheshimiwa amlipie kabla ya uchaguzi wa 2027! Mheshimiwa atamlipia mwaka mmoja, apigwe picha naye. Wa pili je?

Wanaosema "tunagoma kulipa kwa sababu tunapinga" nawaomba watofautishe. Kupinga ni kwenda kwenye kikao cha maoni. Tulipoitwa, tulikwenda wanne. Kukaa bila bima kisha kuleta bili kwa wenzako wanaochanga 50 kila siku, hilo mimi silioni kama upinzani.

Kosa la kwanza ni letu kamati. Kila bili iliyokuja tulilipa, hatukuuliza mgonjwa ana bima au hana, na sahihi kwenye hundi zote ni yangu. Watu wakazoea. Marehemu baba alipenda kusema mtegemea cha nduguye hufa maskini, ingawa yeye mwenyewe kila mwisho wa mwezi alikuwa kwa ami.

Kwa hivyo tunaleta hoja mbili. Ya kwanza: mfuko ukijazwa tena, chama kimtangulizie mwanachama malipo ya SHA ya mwaka, naye arudishe kidogo kidogo pamoja na mchango wake. Kwa wa 3,600 ni shilingi 10 kwa siku, bila riba. Ya pili: anayeweza kulipa na akakataa, chama kisilipe zaidi ya nusu ya bili yake. Hii ya pili kamati iligawanyika. Katibu anasema mgonjwa haadhibiwi akiwa kitandani, na atapewa nafasi aeleze kabla hamjapiga kura. Watoto na wazee hawamo kwenye hoja hiyo.

Daftari la kujiandikisha liko mezani kwa katibu. Jina la kwanza ni la muuza mchicha.