Wafugaji wa nguruwe, chemsheni makombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafugaji wenzangu wa nguruwe kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika. Natunza wazee hapa Roma, Italia, lakini banda langu liko Tukuyu na mdogo wangu ndiye anayeliangalia.

Picha za nguruwe mwitu wakipita barabarani Roma zimezunguka sana kwenye simu, na huko nyumbani watu wanazicheka. Ninapokaa, karibu na hifadhi ya Insugherata, hakuna anayecheka. Jioni anatoka jike na watoto wake wenye mistari mgongoni, analisukuma pipa la taka kwa pua mpaka linalala, kisha wote wanachana mifuko: mkate, tambi, mifupa yenye nyama. Bibi ninayemtunza hathubutu tena kutoka giza likiingia. Vichaka vinafika hadi kwenye nyumba za watu na taka hazizolewi kwa wakati, sasa mnyama arudi porini kufuata nini?

Mei 2022 nguruwe hawa walikutwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Mkoa ukapiga marufuku watu kufanya pikiniki kwenye maeneo hayo, na ukaagiza mapipa yazungushiwe uzio.

Homa hiyo ni ya kwetu. Wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Ngiri wanaishi nayo bila kuugua, na papasi wa kwenye mashimo yao wanaieneza. Ila Ulaya haikupelekwa na papasi. Hii ya sasa ilizuka nchini Georgia mwaka 2007, na inaaminika ilishuka na makombo ya melini wakalishwa nguruwe.

Mtu haimdhuru, lakini nguruwe haina tiba. Anagoma kula, masikio yanaiva wekundu, siku chache tu banda limekwisha. Na sote tunajua kinachofanyika kwetu: nguruwe akianza kuumwa anachinjwa haraka ili mwenyewe asipate hasara, nyama inakwenda kwenye kitimoto, mifupa inaingia kwenye ndoo ya makombo na kupelekwa banda la mtu mwingine. Inaniuma, maana wengi wetu tunasomeshea watoto kwa nguruwe hao.

Ndugu zangu, makombo ya hotelini yachemke nusu saa nzima, mkiyakoroga mpaka chini, ndipo mlishe. Nguruwe mgonjwa asiuzwe, aitwe mtaalamu wa mifugo. Nao maofisa mifugo wa kata nawaomba wapite mabandani na machinjioni kuanzia Novemba, kabla biashara ya nyama ya Krismasi haijapamba moto.

Mfugaji wa Tukuyu,
Roma, Italia