Nilikisikia kimondo, na sikuwa nimelewa

Mhariri,

Niruhusu nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba anayedai kusikia kimondo kikipita ama amelewa ama anatafuta sifa. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Kahawa West, pombe siigusi, na nimekisikia. Kilikatiza juu ya geti kuelekea Ruiru, cheupe chenye ukijani, kivuli changu kikazunguka ukutani. Papo hapo, si baadaye, nikasikia chrrr, kama andazi likitumbukia kwenye mafuta moto. Nilikuwa nimeegemea kibanda cha mabati. Mwenzangu wa geti la pili aliona mwanga tu, na tangu siku hiyo jina langu ni Mzee wa Mandazi.

Hesabu za msomaji wako, kwamba sauti haiwezi kufika pamoja na mwanga, nazikubali. Vimondo huwaka kilomita 80 hadi 100 juu, na sauti hula sekunde tatu hivi kwa kila kilomita, basi ingenifikia baada ya dakika nne au tano. Kule Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, watu walikimbilia madirishani kutazama mwanga. Kishindo kikafuata zaidi ya dakika moja baadaye, kikawamwagia vioo. Lakini mawimbi ya redio hayana foleni hiyo, huja na mwanga.

Kimondo huacha mkia wa hewa yenye chaji za umeme. Mwaka 1980 Colin Keay, wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, alipendekeza kuwa mkia wa kimondo kikubwa, ukivurugana na sumaku ya dunia, hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, nayo hutikisa vitu vyepesi vilivyo karibu na msikilizaji: nyaya, majani, hata nywele. Mwaka 2017 watafiti wengine wakasema ni mwanga wenyewe: ukipepesa upesi hupasha moto nywele au nguo nyeusi, na hewa inayozigusa ikatetema. Mimi namwelekea Keay kwa sababu ya mabati, ingawa, nikiri, kichwani nilikuwa na marvin nyeusi ya sufu.

Msomaji wako asijione mpweke. Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, mwaka 1719 aliwasikiliza mashahidi wa namna yangu akaona wamejidanganya.

Kimondo kingine kikipita, mwandishi wako asiulize tu nani aliona. Aulize nani alisikia, alisimama wapi, kando ya nini, amevaa nini. Anaweza kuanza na mimi. Kibanda kipo, na marvin ninayo.

Mlinzi wa usiku,
Kahawa West, Nairobi