Kiti cha gemu bila kitufe chekundu sitengenezi

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka. Mimi ni fundi redio huku Nyakato, Mwanza, naomba nafasi kidogo maana kuna kitu kimeanza kushika kasi mtaani na watu wanakiona mchezo tu. Nilimtengenezea mpwa wangu kiti cha gemu la magari kinachocheza, yaani ukikata kona kinalala, ukishika breki kinakuinamisha mbele, basi majirani wakaja, watoto wakajaa mlangoni, mwishowe wenye vibanda vya gemu nao wakaanza kuulizia wanataka cha biashara, mtoto akae alipe mia tano.

Kukitengeneza sio kazi kihivyo. Siti ya Vitz ya skrepa, skwea paipu za kuchomelea, katikati chini ya siti jointi ya propela shafti ili ilale pande zote, nyuma mota mbili za waipa za kioo cha gari, kushoto na kulia. Zikisukuma pamoja kiti kinainama mbele, moja ikipanda nyingine ikishuka kinalala ubavu. Gemu linatoa taarifa za gari, programu kwenye laptopu inazipokea inaipa Arduino, kile kibodi kidogo cha kompyuta unachokipangia kazi, na Arduino ndio inaziamrisha mota kupitia bodi zake za kupitishia umeme mkubwa (zile zimeandikwa ampia 43, wewe usiamini). Kiti hakiendi popote, kinakudanganya tu: ukikanyaga mafuta kinalala nyuma, uzito wako unaegemea mgongoni na mwili unaamini gari limechomoka. Siku ya kwanza kijana akaniambia mjomba hii ni boti ya Ukerewe siku ya upepo.

Sasa nisikilizeni hapa. Mota ya waipa haijui imefika wapi, yenyewe kazi yake kuzunguka. Ndio maana kwenye shafti yake nafunga kile kidude cha volumu ya redio, cha kilo-omu 10, kinaiambia Arduino mkono wa mota uko wapi. Jioni moja waya wa hicho kidude ukaachia lehemu. Arduino ikasoma sifuri, ikadhani mkono uko chini kabisa, ikaamrisha panda, panda, panda, mota ikazunguka mzima mzima, siti ikalala ubavu kwa kishindo, bolti ya milimita 8 ikakatika kama chaki na mguu wa kijana ulikosa kubanwa kwenye fremu kwa vidole viwili hivi. Na mimi fundi mzima nikakimbilia laptopu kufunga gemu! Gemu likafungika, mota inaendelea tu. Nikaja kung'oa plagi ukutani.

Toka siku hiyo naweka kitufe chekundu kikubwa pale mkono wa mchezaji unapofika, na kingine kwa anayesimamia. Kisikate laptopu, kikate ile volti 12 inayokwenda kwenye mota, tena kupitia rilei ya gari, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ikapitisha mkubwa, maana kitufe chenyewe ukikibebesha ampia zote hizo kinaungua na kugandia ndani. Na kila mota fyuzi yake. Msiogope kiti kitadondoka mkikata umeme, gea za ndani ya waipa zinajifunga, kinabaki vilevile kilivyolala. Cha kuogopa ni umeme ukikatika halafu ukarudi ghafla, kiti kinajirusha katikati na mtu kashaanza kushuka, kwahiyo rilei uiunge isijiwashe mpaka mtu aiwashe kwa mkono. Chini zungushia plaiwudi, watoto wanaosubiri zamu hawaachi kuingiza vidole.

Hivyo vyote havifiki hata bei ya mota moja, lakini nimeambiwa naongeza gharama, eti kuna fundi mwingine anatengeneza bila hayo makorokoro. Sawa. Yule bwana wa Igoma aliyeniachia advansi, hela yako ipo, njoo uchukue au subiri wiki moja nimalizie waya za kitufe, ila kiti hakitoki hapa bila hicho.

Fundi redio,
Nyakato, Mwanza