Nadhiri niliyoikawiza miaka 9

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo sisi Wakristo tunalijua na hatupendi kulizungumza: nadhiri tulizomwekea Mungu tukiwa taabuni.

Mwanangu wa pili alizaliwa kabla ya siku zake. Usiku wa tatu, nikiwa nje ya wodi ya watoto njiti, nilimwambia Mungu: huyu akipona, nitawafundisha kusoma watu wazima wa kanisani kwetu wasiojua, wajisomee Neno lako. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, kazi hiyo naiweza. Mtoto alipona. Sasa ana miaka 11, na darasa nimelifungua mwaka juzi tu.

Sikuwahi kukataa. Kila mwaka nilikuwa na sababu, tena ya kweli: mtoto bado ananyonya, nimepewa darasa kubwa, kanisa halina chumba. Mhubiri 5:4 nilikuwa nikiisoma kama onyo kwa wanaovunja nadhiri, kumbe neno lenyewe ni "usikawie kuiondoa," yaani kuitimiza. Hata Yakobo aliweka nadhiri Betheli akimkimbia Esau, akakaa kwa Labani miaka 20, akarudi na wake, watoto na mifugo, akanunua kiwanja Shekemu na kupiga hema hapo. Ilibidi Mungu mwenyewe amwambie apande kwenda Betheli.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyezoea kukaa benchi la pili. Baada ya ibada alikuwa akinishika mkono: "Mwalimu, nisomee ile ya Hana," yule mwanamke tasa aliyeweka nadhiri kwamba akipata mwana atamtoa kwa Mungu. Nilimsomea mara nyingi mno, wala sikuona aibu. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaanza. Yeye ni mmoja wa wale niliomwahidi Mungu kuwafundisha, nikamwacha amsikie Hana kwa mdomo wangu tu mpaka mwisho. Hilo linaniuma hadi leo. Nilidhani nadaiwa na Mungu peke yake, na Mungu ni mvumilivu.

Nilipomweleza mchungaji, sikupata mahubiri. Aliniuliza, "Jumapili hii unahitaji viti vingapi?"

Wahubiri wetu nawaomba kitu kimoja. Mkutano unapopamba moto, msiwasimamishe watu waweke nadhiri papo hapo huku wenzao wakiwatazama. Mithali 20:25 inaita mtego kusema kwa haraka kwamba kitu ni wakfu, kisha kuuliza baadaye. Hana hakusimamishwa na mtu. Aliomba kimya, midomo tu ikicheza, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Na alipomwachisha Samweli ziwa, alimpeleka mwenyewe Shilo. Waacheni watu warudi nyumbani, wakalale, wakaombe.

Wapo pia walioahidi wasichokiweza, wakaanza kukwepa kanisa kwa aibu. Walawi 27:8 ilimruhusu maskini aliyeshindwa kulipa nadhiri asimame mbele ya kuhani akadiriwe malipo kwa uwezo wake. Mwalimu mwenzangu Mkatoliki alinionyesha Kanuni ya 1197 ya sheria za Kanisa lao: aliyeweka nadhiri yake binafsi anaweza kuibadili mwenyewe kwa jambo lililo jema zaidi au sawa nalo, ila kwa lililo dogo zaidi lazima apate ruhusa ya mwenye mamlaka. Kwa hiyo njia ipo, waende wakaseme. Lakini anayejificha nyuma ya nadhiri ili asiwatunze wazazi wake asidhani yumo humo. Yesu alikwisha kulikemea hilo katika Marko 7, aliposema juu ya Korbani, yaani mali iliyotajwa kuwa wakfu kwa Mungu.

Darasa letu lina watu 7. Tuko Samweli wa Kwanza, sura ya 1, silabi kwa silabi. Jumapili iliyopita baba mmoja alisoma jina la Hana bila kusaidiwa, akarudi nyuma akalisoma tena. Mwanangu ndiye anayetufutia ubao.

Mwalimu, mama wa watoto wawili