Papa Amani, usiwashe kwanza

Goma, Jumapili usiku

Papa Amani, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Amani na kwa watoto. Huku tuko, tunapumua, hali unaijua, sina haja ya kuiandika. Mama wa nyumba hii anakusalimia na anasema lile deni la kitenge hajalisahau. Najua nimenyamaza muda mrefu. Wewe pia umenyamaza, basi tusidaiane.

Picha zako zimeingia leo mchana. Nimefurahi kweli. Msumeno wa meza wenye shario ya mita 3.20, ile meza inayoteleza na mbao juu yake! Sisi tuliokuwa tunapasua mbao kwa Mzee Kasereka, mmoja anasukuma, mwingine anavuta, leo mmoja wetu ana mashine kama hiyo katikati ya Kadutu, huko Bukavu. Nilimwonyesha Muhindo, akaitazama muda mrefu halafu akasema, "Huyu sasa tumwite patroni." Nikaikuza picha ili nione vizuri meza na diski, na hapo furaha ikapungua. Kile kisu cha nyuma ya diski kiko wapi?

Nilikuuliza, ukanijibu kwa ujumbe wa sauti huku unacheka: walioniuzia walikitoa, kinazuia mbao. Na Jumatano unaanza makabati ya yule mama wa Nyawera. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Sauti ungeisikiliza nusu, mteja angeingia, basi. Barua hii anaileta Chance kwa boti ya asubuhi, pamoja na kipimo changu cha kulisi, kile kinachosoma sehemu za milimita. Nimekuazima tu, sijakupa. Elewana na moyo wako mapema.

Sasa sikiliza. Kisu hakizuii mbao. Kinachozuia mbao ni diski isiyolingana na kisu. Pima unene wa kisu, najua watakuwa wamekitupa kwenye sanduku la funguo, kitafute. Mara nyingi unene umeandikwa juu yake. Halafu pima diski sehemu mbili: bamba lake, na upana wa meno. Kisu lazima kiwe kinene kuliko bamba na chembamba kuliko meno. Tuseme kisu ni milimita 2.8, bamba ni 2.2, meno ni 3.2: mbao itapita bila neno. Lakini ukifunga diski ya bei nafuu yenye meno ya 2.6, mfereji unaokatwa ni wa 2.6, na kisu cha 2.8 kitaingiaje humo? Mbao inagota, mtu anakasirika, anachukua funguo, anatoa kisu. Nina hakika karibu kabisa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa hao waliokuuzia. Walifunga diski mbaya wakakilaumu kisu. Na ukishakirudisha, kiweke karibu na meno, nafasi ya milimita 3 hadi 8, kifuate mduara wa diski, na kisimame kwenye mstari mmoja na bamba. Weka rula ndefu ubavuni utaona.

Unajua kazi yake lakini nitakukumbusha, kwa sababu vijana wako watasoma barua hii pia (uwasomee). Meno ya mbele ya diski yanashuka, yanaikandamiza mbao kwenye meza. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga baada ya kukatwa, au ikipinda kidogo ikagusa hayo meno ya nyuma, yanaibeba juu na kuirusha kuelekea kwa anayesukuma. Diski ya milimita 300 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Mwendo huo ndio mbao inapewa. Kisu kinakaa pale nyuma ili mfereji usijifunge na mbao isiyafikie meno yanayopanda. Kazi yake ni hiyo tu, lakini ukikitoa hakuna kitu kingine kwenye mashine kinachoifanya. Unamkumbuka yule kijana wa upande wa Ndosho, aliyekuwa na kofia ya kijani? Kipande kilichomwingia tumboni hakikuwa kikubwa kuliko rula ya shule.

Na wewe unapenda libuyu, mbao yenye hasira, hasa ikikaushwa haraka haraka kama wanavyofanya siku hizi. Ukiipasua inafunguka au inajifunga mbele ya macho yako. Kwa multipleksi na melamini, mbao za kiwandani, gidi (ile reli ya pembeni inayoongoza mbao) inaweza kukaa ndefu hadi nyuma, ubao huo hauna mvutano ndani yake. Kwa mbao halisi, ivute gidi irudi kwako, mwisho wake uishie pale meno ya mbele yanapomaliza kukata, isipite mbali zaidi. Hivyo mbao ikifunguka inapata nafasi upande wa kulia, haibanwi kati ya gidi na diski. Mzee alikuwa akitupigia kelele juu ya hilo tukidhani ni uzee.

Tena kuna lile la vipande vifupi. Ukikata kwa shario, usitumie gidi kama bute, kizuio cha kuchukulia kipimo, huku imenyooka pembeni ya diski. Kipande kinachobaki kinakwama pale katikati, kinageuka kidogo, kinarushwa. Irudishe gidi nyuma mpaka iishie kabla ya diski: ubao uiguse kuchukua kipimo, halafu uiache ndipo ufike kwenye meno. Kipande kikikatika kinalala huru. Na usikiondoe kwa vidole mashine ikizunguka, hata kama mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Sasa umeme. Hapa nitakaa kidogo. Kwenye ile picha ya pembeni nimeona swichi ya kupandisha na kushusha, kama ya kuwashia taa za kanisa. Ile siyo ya mashine. Ya mashine ina vitufe viwili na kontakteri ndani: umeme ukikatika inajiachia yenyewe, na umeme ukirudi diski haizunguki mpaka wewe ubonyeze tena. Fikiria siku zetu zilivyo. Uko katikati ya kupasua, umeme unakwenda. Swichi imebaki juu, nani anakumbuka? Unainama kutoa mbao iliyokwama kwenye diski. Watoto wa kartie wanapiga kelele, umeme umerudi! na diski nayo inaamka, mkono wako ukiwa pale. Kontakteri sokoni siyo ghali ukilinganisha na ulichotoa kwa mashine. Mtafute fundi anayejua trifaze, umeme wa nyaya tatu, siyo shemeji yako, tafadhali, namheshimu lakini hapana.

Huyo fundi akimaliza kuunga nyaya, mwambie muwashe kwa sekunde moja tu bila diski, mtazame mhimili unazungukia wapi. Nyaya mbili za trifaze zikibadilishana nafasi mota inazunguka kinyume. Kuna mshale kwenye mashine unaoonyesha. Ikiwa kinyume, anabadilisha nyaya mbili kati ya tatu, imekwisha. Na kila ukihamia jenereta na kurudi, angalia tena.

Halafu hiyo kofia ya diski. Nayo sijaiona pichani! Au iko nje ya picha? Ikiwa ipo, ishushe iwe karibu na ubao kadiri inavyowezekana, ifunike meno, iunganishwe na bomba la kunyonya vumbi kama una mfuko wa kunyonya. Vumbi la mbao ngumu siyo kikohozi tu. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, ile ya puani. Huyo mtoto wa dada yako anayefagia jioni, mpe barakoa, na mwambie asipulize meza kwa hewa ya komprese.

Glavu nimeziona mikononi mwako. Toa. Glavu ni za kubebea mbao na kubadilishia diski, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Diski ikizunguka, jino likishika uzi mmoja wa glavu linavuta mkono wote. Mikono ya shati kunja juu ya kiwiko, saa weka mfukoni. Kwa kipande cha mwisho, sentimita 30 zilizobaki, tumia kijiti cha kusukumia. Chonga mwenyewe kwenye mabaki ya multipleksi, kisipungue sentimita 45, chonga viwili maana kimoja kitapotea. Na usimame kushoto, pembeni ya shario, usisimame kwenye mstari wa diski.

Mwaka 1906 Wilhelm Altendorf alitengeneza Berlin mashine ya kwanza ya shario. Tangu hapo watu wamekuwa wakiongeza kofia, visu, breki, kimoja baada ya kingine, na sisi tunavitoa vyote kwa funguo moja ya kumi na tatu. Marekani siku hizi zipo mashine zinazohisi kidole na kusimamisha diski kwa milisekunde chache. Yako haijui kidole ni nini, inajua kukata tu.

Nimeanza kusahau nilichotaka kuuliza. Ile diski ndogo ya mbele, ya kuchora, unaijua? Inazunguka kinyume na ile kubwa na inakata milimita moja au mbili tu, ili melamini isimenyeke upande wa chini. Iwe kwenye mstari mmoja kabisa na kubwa, la sivyo utaona ngazi kwenye ukingo na mama wa Nyawera atakurudishia milango. Kwa mbao halisi ishushe, haina kazi.

Na kabla ya kukata mlango wowote wa mteja, jaribu pembe. Chukua ubao karibu mita moja kwa mita moja, kata upande mmoja, geuza ulichokata kiegemee rula ya shario, kata wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne, kisha wa tano utoe ukanda mwembamba. Pima ukanda huo ncha zote mbili kwa kipimo changu. Tofauti utakayoona ni kosa la pembe mara nne. Ikiwa ni chini ya nusu milimita, kunywa maji ukaanze kazi. Ikizidi, legeza rula, sogeza kidogo, rudia. Usitumie pembe ya chuma ya sokoni, hizo zenyewe zinahitaji kupimwa.

Jambo lingine linanisumbua: waliibebaje kutoka bandarini? Kama waliinua kwa kushika shario, ile aluminiamu inaweza kuwa imepinda. Utajua ukiivuta kutoka mwanzo hadi mwisho, isikwame popote na isicheze. Na atelie yako ina urefu gani sasa? Shario ya 3.20 inakwenda mbele na kurudi nyuma, inataka zaidi ya mita 6 bila nguzo, bila rundo la mbao, bila pikipiki ya Chance. Na sakafu ya huko kwenu, na ule mteremko, umeisawazisha kwa sementi au umeweka vigae vya mbao chini ya miguu?

Kwa hiyo narudi kule kule: kisu. Ukikikosa kabisa, usiniambie utachonga kingine kwenye bamba la chuma la gari. Nitumie picha ya pale kinapofungwa na jina la mashine, kuna Mhindi mmoja hapa Birere anayeleta vipuri, nitamsumbua. Mwambie mama wa Nyawera mbao hazijakauka. Huo siyo uongo, mbao zako hazikauki kamwe.

Nijibu haya kwanza, mengine baadaye. Diski uliyo nayo ina meno ya upana gani? Kisu umekipata? Kofia ipo? Nani atakuwa anasimama kwenye mashine, wewe au Bahati? Kama ni Bahati, miwani ya macho anavaa au bado anasema inamharibia sura? Na Mama Amani, mgongo umeendeleaje baada ya ile dawa ya hospitali ya Panzi? Amani amefaulu au mnaficha? Ile hela ya kikundi imefika kwa mweka hazina, maana hapa kila mtu ananitazama mimi?

Chance anabeba pia fromaji (jibini) ya Masisi, kilo mbili. Ziwe mbili zikifika.

Ndugu yako,
Kambale

Namba ya fundi wa trifaze niliyemjua huko kwenu, mtaa wa Essence, anayo Muhindo. Nitaipata kesho asubuhi nikutumie kwa simu kabla Chance hajafika. Usiwashe.