Fomu za makato ya sadaka, kabla ya Ijumaa

Assalaam alaykum na hamjambo, ndugu zangu wa kazini.

1. Mhasibu anafunga mishahara Ijumaa tarehe 20. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka ombi la maandishi la mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo kuniambia kwa simu "nikate tu" hakutoshi. Nipeni fomu zenye saini. Kuanzia shilingi 100 kwa mwezi, kwa hiari kabisa.

2. Kikao: Alhamisi saa 10:30 jioni, baada ya Asri, kantini. Tutachagua wa kusaidiwa hapa hapa Malindi. Mimi nawatetea watoto wa chekechea kule Muyeye; uji wanakunywa kwa zamu, vikombe havitoshi.

Utakuja? Jibu NDIYO au HAPANA kabla ya Jumatano usiku, tafadhali.